Mimea yangu ya ndani inakufa kila mara. Nichague ipi, na niitunzeje?

SWALI: Mtaalamu, habari za kazi. Nimehamia kwenye nyumba yenye sebule kubwa na dirisha moja, nikataka kuipamba kwa mimea. Nimeshanunua mara kadhaa, na kila mara mambo ni yale yale: mwezi wa kwanza mmea unapendeza, wa pili majani yanaanza kuwa ya njano, wa tatu nautupa. Wala siisahau, naimwagilia kila asubuhi kabla sijatoka. Nimeweka na kokoto chini ya vyungu kama nilivyoshauriwa. Sasa imebaki sansevieria moja tu, iko kwenye kona juu ya kabati la vitabu, nayo majani yake yameanza kulegea. Naomba unielekeze mmea ulio mgumu kufa. Nina mtoto wa mwaka mmoja na nusu, na nina paka. Halafu, je, ni kweli mimea inasafisha hewa? Na ni hatari kulala nayo chumbani?

JIBU: Asante kwa kueleza kwa kirefu, dada, maana maelezo yako yenyewe yamebeba jibu. Mimea yako haifi kwa kukosa huduma. Inawekwa mahali penye mwanga hafifu, halafu inapewa maji ambayo yangefaa mmea ulio kwenye mwanga mkali. Mambo hayo mawili hayaachani, na kwangu mimi ndiyo kiini cha kazi yote hii: mwanga ndio unaoamua mmea utakunywa maji kiasi gani. Ukilishika hilo, ratiba za kumwagilia unazopewa na kila mtu hutazihitaji tena.

Nieleze inavyotokea. Sehemu kubwa ya maji ambayo mizizi inanyonya hupanda hadi kwenye majani na kutoka kama mvuke kupitia vitundu vidogo sana. Kwenye mimea mingi vitundu hivyo hufunguka wakati wa mwanga, ili jani livute hewa ya ukaa na kujitengenezea chakula. Mwanga ukiwa mdogo, kazi hiyo inapungua, maji yanapanda kidogo kidogo, na udongo unabaki mbichi siku nyingi. Ukiongeza maji kila asubuhi, zile nafasi ndogo kati ya chembe za udongo, ambazo zilitakiwa ziwe na hewa, zinajaa maji. Mizizi nayo inapumua. Ikikosa oksijeni inaanza kufa, na vimelea vya kuozesha kama Pythium na Phytophthora, ambavyo hustawi kwenye udongo uliolowa kupita kiasi, vinamalizia.

Hapo ndipo watu wengi hupotea. Mmea ambao mizizi yake imeoza hauwezi kunyonya maji, kwa hiyo unanyauka huku umezungukwa na maji. Mwenye nyumba anaona majani yamelegea, anadhani ni kiu, anaongeza kopo lingine. Kwa hiyo ukiona mmea umenyauka, usikimbilie maji. Gusa udongo kwanza. Ukiwa mkavu, ni kiu. Ukiwa mbichi, tatizo liko chini.

Na ukitaka uhakika, ung'oe mmea taratibu utazame mizizi. Mzizi mzima huwa mweupe au wa rangi ya maziwa (mimea michache ina mizizi ya njano au ya chungwa kwa asili yake), ni mgumu kidogo ukiubonyeza, na unanukia udongo. Mzizi uliooza ni wa kahawia au mweusi, unateleza vidoleni, na ukiuvuta kidogo ganda lake la nje linachomoka lote, unabaki umeshika uzi mwembamba wa katikati. Harufu yake ni ya maji yaliyovunda. Ukishaiona mara moja hutaisahau, na tangu hapo utakuwa unatambua chungu chenye shida hata kabla majani hayajabadilika rangi, kwa kunusa tu kwenye matundu ya chini.

Sasa tuje kwenye mwanga, na hapa nakuomba usiyaamini macho yako. Jicho la binadamu linajirekebisha lenyewe. Ukiingia ndani mboni inapanuka, na baada ya dakika chache sebule nzima inaonekana ina mwanga wa kutosha. Vipimo vinasema mengine kabisa. Nje, jua la mchana lisilo na wingu hufikia luksi (kizio cha kupimia mwanga) 100,000 hivi. Jirani kabisa na dirisha ambalo jua haliingii moja kwa moja unaweza kupata luksi 1,000 hadi 5,000. Rudi nyuma hatua chache mpaka katikati ya chumba, mara nyingi zinabaki mia mbili au mia tatu, na kona ya juu ya kabati inaweza isifike hata 100. Wewe bado unasoma gazeti pale bila taabu, lakini mmea uko gizani.

Kipimo ninachokipenda hakihitaji kifaa chochote. Wakati wa mchana, siku isiyo na mawingu mazito, weka karatasi nyeupe pale unapotaka mmea ukae, kwenye usawa wa majani yatakapokuwa. Nyoosha kiganja juu yake kiasi cha sentimita 30. Kivuli kikitoka kimekolea, kingo zimenyooka na vidole vinahesabika, hapo pana mwanga mkali. Kikiwa cha kijivu, kingo zimefifia lakini bado unatambua kwamba ni mkono, huo ni mwanga wa wastani. Ukiona doa tu lisilo na umbo, mwanga ni mdogo. Na usipoona kitu, usiweke mmea hapo bila taa. Rudia kipimo asubuhi na alasiri, kwa sababu jua linahama, na kuna dirisha linalopata mwanga mzuri saa mbili tu kwa siku. Angalia pia kinachozuia mwanga kwa nje: mti, ukuta wa jirani, paa la baraza lililojitokeza mbele, au vumbi lililoganda kwenye kioo. Simu nyingi siku hizi zina programu za kupima luksi. Si sahihi sana, lakini zinatosha kulinganisha pembe moja na nyingine.

Nina hakika kwamba ukifanya kipimo hicho kwenye ile kona ya kabati, utaona doa hafifu au usione kitu. Sehemu zako nzuri za mimea ziko karibu na lile dirisha moja, zisizidi mita moja na nusu au mbili kutoka kwenye kioo. Kwingineko sebuleni, chaguo ni kununua mmea mmoja au miwili inayovumilia kivuli na kukubali kwamba itakua polepole mno, au kufunga taa. Taa ya kawaida ya LED yenye mwanga mweupe, ikiwekwa sentimita 30 hivi juu ya mmea na kuwashwa saa 12 kwa siku, inasaidia sana. Watu huhangaika na zile taa za zambarau kana kwamba mimea haiwezi kuishi bila hizo. Taa nyeupe inafaa, na angalau unaona rangi halisi ya majani, ukagundua ugonjwa mapema.

Kuhusu mmea upi, usichague kwa picha. Chagua kwa kile kivuli cha mkono. Penye mwanga mdogo, inayovumilia ni sansevieria, zamiokulkasi, aspidistra, pothosi, na aglaonema zile za kijani kilichoiva. Sansevieria ni mmea wa Afrika Magharibi, wanasayansi siku hizi wanauita Dracaena trifasciata, na majani yake manene ni akiba ya maji. Zamiokulkasi inatoka mashariki na kusini mwa Afrika, nayo akiba yake iko chini ya udongo, kwenye mashina manene yanayofanana na viazi. Ndiyo maana zinastahimili kusahauliwa kwa wiki kadhaa, na ndiyo maana pia ndizo za kwanza kuoza zikinyweshwa kila siku. Lakini nisikudanganye: hakuna hata mmoja kati ya hiyo unaopenda giza. Sansevieria iliyowekwa kwenye kona kama ya kwako inaweza kukaa miezi na miezi bila kutoa jani jipya, ikila akiba yake. Ihamishie karibu na dirisha, utaona tofauti yenyewe.

Mwanga wa wastani ndio wenye uwanja mpana zaidi. Hapo kuna klorofitamu, ule mmea wa majani membamba yenye mistari unaoning'iniza vitoto vyake kwenye kamba ndefu. Kuna peperomia, kuna mtende mdogo wa ndani aina ya Chamaedorea elegans, kuna monstera yenye majani yaliyotobokatoboka, kuna spatifilamu yenye ua jeupe. Kuna pia saintpaulia, kijimea kifupi chenye majani ya manyoya na maua ya zambarau, ambacho asili yake ni misitu ya milima ya Tanzania na Kenya na sasa kinakaa kwenye madirisha ya dunia nzima. Huyo anahitaji mwanga mzuri ili atoe maua, lakini jua kali linamchoma, na maji ya baridi yakimwagikia majani yanaacha madoa yasiyofutika. Mnyweshe kwa chini, kwa kuweka maji kwenye kisahani na kumwaga yatakayobaki.

Mwanga mkali wenye jua la moja kwa moja waachie mishubiri, madungusi, krotoni na fikasi. Hii ukiiweka gizani inakuambia upesi. Mshubiri unarefuka na kulegea, krotoni inapoteza rangi zake na kurudi kijani, na Ficus benjamina inapukutisha majani hata kwa kuhamishwa tu kutoka chumba kimoja kwenda kingine. Jambo moja la kukumbuka: mmea wowote wenye majani ya mabaka meupe au ya njano unahitaji mwanga zaidi kuliko ndugu yake wa kijani, kwa sababu sehemu nyeupe ya jani haitengenezi chakula.

Sasa mtoto na paka, na hili nalitilia uzito kuliko yote niliyosema. Mimea mingi inayosifiwa kuwa migumu ina sumu ya kiasi fulani. Pothosi, zamiokulkasi, monstera, aglaonema, spatifilamu na hasa difenbakia zina fuwele ndogo sana za kalsiamu oksaleti, zenye ncha kama sindano. Mtoto akitafuna jani, fuwele zinachoma ulimi na fizi papo hapo. Mdomo unawaka, mate yanatoka kwa wingi, na wakati mwingine ulimi unavimba. Kwa kawaida maumivu hayo humfanya ateme mapema, lakini uvimbe wa mdomo na koo kwa mtoto mdogo ni jambo la kumpeleka hospitali, si la kusubiri. Sansevieria na mshubiri huwatapisha paka. Na kuna miwili ambayo nyumba yako isiijue kabisa. Wa kwanza ni maua ya lili halisi, yale ya jenasi ya Lilium yanayowekwa kwenye shada. Kwa paka huharibu figo, na hata chavua aliyoilamba kwenye manyoya yake inaweza kumuua. Wa pili ni Cycas revoluta, unaofanana na mtende mfupi wenye majani magumu. Huo huharibu ini, na mbegu zake ndizo mbaya zaidi.

Kwa hiyo kwa nyumba yako mimi ningechagua hivi. Karibu na dirisha, klorofitamu, saintpaulia na peperomia. Mbali kidogo, mtende wa Chamaedorea. Na kwa ile pembe yenye mwanga mdogo, aspidistra, ambayo ina majani marefu mapana yanayotoka moja kwa moja kwenye udongo. Inakua taratibu sana lakini inadumu miaka mingi. Mitano hiyo haina sumu kwa paka wala kwa mtoto, ingawa jani lolote likiliwa kwa wingi linaweza kumtapisha paka. Klorofitamu itundike juu, maana paka wanapenda mno kuchezea na kutafuna yale majani membamba, hawatauacha mmea utulie. Ukiwa unataka kuanza na mmoja tu, anza na huo huo.

Unapofika kitaluni au kwa muuza maua, usivutiwe na mmea mkubwa kuliko wote. Chukua wa kadiri, wenye machipukizi mapya. Geuza jani utazame upande wa chini na zile pembe ambapo jani linaungana na shina, maana wadudu hujificha huko. Nyanyua chungu uone matundu ya chini: mizizi michache ikichungulia si neno, lakini ikiwa imefumana kama wavu, mmea umekaa humo muda mrefu mno. Nusa udongo. Ukishafika nyumbani, uweke peke yake wiki mbili mbali na mingine. Majani mawili matatu ya chini yakidondoka katika kipindi hicho usiogope. Mmea umelelewa kwenye mwanga mwingi na unyevu mwingi, sasa unajipunguza ulingane na chumba chako. Usiuhamishe chungu wiki hiyo hiyo, usiupe mbolea. Uache utulie.

Maji sasa. Acha kumwagilia kila asubuhi. Kagua kila baada ya siku chache, na umwagilie pale tu mmea unapohitaji. Ingiza kidole kwenye udongo hadi kiungo cha pili, kama sentimita 4 au 5. Kwa klorofitamu, peperomia na mtende, ukikuta pakavu kwa kina hicho, mwagilia. Kwa sansevieria na zamiokulkasi subiri udongo ukauke wote hadi chini. Kidole hakifiki huko, kwa hiyo choma kijiti kikavu cha mti, kiache dakika chache, ukichomoa kikatoka na udongo umekiganda au kimebadilika rangi, bado pana ubichi. Njia nzuri kuliko zote ni uzito. Nyanyua chungu mara tu baada ya kumwagilia, kisha kinyanyue tena kila unapopita. Baada ya mizunguko michache mkono wako utajua chungu chepesi na chungu kizito bila kuuliza mtu.

Na ukimwagilia, mwagilia kweli. Kikombe kidogo cha kila siku kinalowanisha juu tu, mizizi ya chini inakaa kavu na ya juu inakaa mbichi muda wote. Mimina taratibu ukizunguka chungu chote mpaka maji yatoke chini, subiri nusu saa, kisha mwaga yaliyobaki kwenye kisahani. Ikiwa udongo ulikauka sana ukaachana na ukuta wa chungu, utaona maji yanapita pembeni na kutoka upesi bila kulowanisha kitu. Hapo kizamishe chungu kwenye beseni la maji kwa nusu saa hivi, kinywe kutoka chini. Ncha za majani ya klorofitamu na drasena zikiwa za kahawia, mara nyingi ni floridi au chumvi zilizomo kwenye maji ya bomba. Kuyaacha maji yalale kwenye ndoo kunapunguza klorini, floridi haitoki. Maji ya mvua ndiyo mazuri.

Kuhusu kokoto chini ya chungu. Ushauri huu umezagaa, na aliyekupa alikutakia mema, lakini unafanya kinyume cha unachotarajia. Maji hayashuki kwa urahisi kutoka kwenye udongo laini kwenda kwenye mawe yenye nafasi kubwa. Yanang'ang'ania udongoni mpaka udongo wa chini ushibe kabisa, ndipo matone yaanze kudondoka. Lile tabaka la udongo ulioshiba lipo kwenye kila chungu, na unene wake unategemea aina ya udongo. Ukiweka kokoto, hulipunguzi; unalipandisha juu, karibu zaidi na mizizi. Ukitaka kuliona kwa macho, chukua sifongo ya kuoshea vyombo, ilowanishe, ilaze bapa mpaka iache kudondosha maji. Kisha isimamishe kwa upande wake mrefu. Maji yatatoka tena, ingawa sifongo ni ile ile. Chungu kirefu kilichojaa udongo mtupu hadi chini hutoa maji vizuri kuliko chungu hicho hicho kilichopunguzwa kina kwa mawe. Ondoa kokoto zote. Kama unaogopa udongo kumwagika, kipande cha wavu au cha kitambaa juu ya tundu kinatosha.

Tundu lenyewe, lakini, halina mjadala. Chungu kisicho na tundu ni pambo. Kama umekipenda, acha mmea kwenye kopo lake la plastiki lenye matundu, ulitumbukize ndani ya chungu kizuri, na siku ya kumwagilia ulitoe, likinywa na kuchuruzika ndipo ulirudishe.

Udongo wa bustani peke yake usiuingize ndani. Nje una minyoo na mizizi mingine inayoupasua. Ndani ya chungu unashindiliwa na maji mpaka unakuwa kama tofali. Changanya mboji iliyoiva au makumbi ya nazi yaliyosagwa na kitu chenye chembe kubwa, kama perlaiti (vijiwe vyeupe vyepesi sana) au mchanga mnene uliooshwa. Kwa sansevieria na mishubiri, nusu kwa nusu. Kwa mingine, sehemu moja ya chembe kubwa kwa sehemu mbili au tatu za mboji. Ukihamishia mmea kwenye chungu kipya, kisizidi cha zamani kwa zaidi ya sentimita 2 hadi 5 za upana. Chungu kikubwa mno kina udongo mwingi ambao mizizi haijaufikia, na udongo huo unakaa umelowa tu.

Mbolea ni jambo dogo kuliko watu wanavyodhani. Mmea usio na mwanga wa kutosha hauwezi kuitumia, na chumvi zake zinabaki kuchoma mizizi. Mbolea ya maji yenye NPK, nusu ya kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, mara moja kwa mwezi mmea unapotoa majani mapya, inatosha. Ukiona ukoko mweupe juu ya udongo, suuza kwa maji mengi yapite chini, na uiache mbolea kwa muda.

Wadudu watakuja, hata kwa mtunzaji hodari. Vidung'ata wanaonekana kama vipande vya pamba kwenye pembe za majani. Wapanguse kwa pamba iliyochovywa kwenye spiriti, rudia kila wiki mpaka waishe. Utitiri ni mdogo mno kuonekana, unauona kwa utando mwembamba chini ya majani na vidoa vingi vya njano, na hupenda hewa kavu; osha mmea wote kwa maji ya bomba, chini ya majani hasa, kisha tumia maji yenye sabuni kidogo. Vile vijinzi vyeusi vinavyoruka ukigusa chungu vinazaliana kwenye udongo uliolowa juu. Kwako wewe, ukiacha kumwagilia kila siku, vingi vitatoweka vyenyewe.

Umeuliza kama mimea inasafisha hewa. Imani hiyo ilipata nguvu kutokana na utafiti wa NASA, shirika la anga la Marekani, wa mwaka 1989, uliofanywa ndani ya visanduku vidogo vilivyofungwa. Nyumba yako si kisanduku. Hewa inaingia na kutoka muda wote. Mwaka 2019 watafiti Bryan Cummings na Michael Waring wa Chuo Kikuu cha Drexel walipitia tafiti za aina hiyo na kukokotoa kwamba ungehitaji kati ya mimea 10 na 1,000 kwa kila mita moja ya mraba ya sakafu ili ifikie kazi inayofanywa na upitaji wa kawaida wa hewa ndani ya jengo. Fungua dirisha. Mimea iweke kwa sababu unaipenda, na hiyo ni sababu tosha kabisa.

Kulala nayo chumbani hakuna hatari. Ni kweli usiku mmea hutumia oksijeni kidogo na kutoa hewa ya ukaa, lakini kiasi chake ni kidogo sana ukilinganisha na kile anachotoa mtu mmoja aliyelala kitanda hicho hicho. Tatizo la chumbani kwako ni mtoto kuufikia mmea usiku ukiwa umelala, basi.

Imebaki ile sansevieria yako. Itoe kwenye chungu leo, kung'uta udongo, osha mizizi. Kata yote iliyooza kwa kisu kilichopanguswa kwa spiriti, uache iliyo migumu, iwe myeupe au ya chungwa. Iache ikauke hewani kivulini siku mbili, kisha ipande kwenye udongo mpya wa chembe kubwa, kwenye chungu kidogo, karibu na dirisha lakini juu asipofika mtoto wala paka. Usiimwagilie wiki nzima ya kwanza. Ukikuta hata shina la chini limeoza, chukua majani yaliyobaki magumu, yakate vipande vya sentimita 8 hadi 10, uweke alama upande uliokuwa chini, maana ukikigeuza kipande hakitoi mizizi. Viache vikauke siku mbili, vichomeke sentimita mbili au tatu kwenye mchanga wenye unyevu kidogo, na uvumilie. Mizizi inachukua wiki kadhaa, na chipukizi la kwanza linaweza kuchukua miezi. Kama yako ni ile yenye kingo za njano, ujue vichipukizi vya vipande hivyo vitatoka vya kijani kitupu. Kingo za njano hubaki pale tu unapogawanya shina la chini lililo zima, kwa hiyo kama kuna hata kipande chake kimoja kigumu chenye jani, kipe hicho nafasi kwanza.